Kabla hujasema "spea feki", niletee hiyo krosi iliyovunjika

Wiki hii kantangaze tumuweke pembeni kidogo, tuongelee propela ya Canter. Najua kuna watakaouliza bwana shamba ameanza lini ufundi wa magari. Sijaanza. Diploma yangu ni ya kilimo na gari naliacha kwa mafundi. Lakini msimu huu simu za nyanya zilizoozea barabarani zimeanza kukaribiana na simu za nyanya zilizoozea shambani, na mimi naona ni tatizo lilelile la kilimo. Nyanya iliyoko juu ya gari imeshakula mbegu, mbolea, dawa, maji na hela ya vibarua wa kuchuma. Ikifia hapo, umepoteza kila kitu pamoja na nauli.

Na karibu kila ninayemuuliza gari lilikuwa na nini, jibu ni moja: "Spea feki, bwana shamba."

Mimi jibu hilo nimelichoka. Sisemi spea feki hazipo, zipo na tutafika huko. Ninachosema ni kwamba watu wanalitamka kabla hawajaiangalia spea yenyewe. Krosi imekatika, fundi ameitoa, ameitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, ameweka nyingine, safari inaendelea. Baada ya mwezi inakatika tena, na sasa lawama zinahamia duka la pili. Ushahidi wote uko kwenye ndoo ya fundi, unasubiri kuuzwa kwa kilo.

Shambani hatufanyi hivyo, au angalau wale tuliokubaliana hatufanyi hivyo. Nyanya ikinyauka ghafla mchana, wa kwanza kulaumiwa ni muuza mbegu. Mimi nikifika naomba mmea mmoja, nakata shina, natumbukiza kipande kwenye glasi ya maji safi. Kikitoa kitu kama uzi wa maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, na kubadilisha mbegu hakutakusaidia kitu. Nikipasua shina nikakuta mirija ya kahawia na maziwa hakuna, nawaza fuzari. Mmea uliokufa ndio unaosema umekufa na nini. Krosi nayo inasema, ila lazima uifungue.

Kwa ambao hawajawahi kulala chini ya gari: propela ni lile bomba refu linalozunguka, linalotoa nguvu kwenye giaboksi kupeleka kwenye difu. Giaboksi imekaa juu kidogo kwenye chasisi, difu iko chini na inapanda na kushuka kila ukipita kwenye shimo. Kwa hiyo lazima pawe na viungo vinavyokunja huku vinazunguka. Kiungo hicho ndicho krosi: kipande cha chuma chenye mikono minne kama alama ya kujumlisha, kila mkono umevalishwa kikombe, na ndani ya kikombe kuna vijiti vyembamba vya chuma vinavyoitwa sindano. Mikono miwili inashikwa na yoki ya upande mmoja, miwili na yoki ya upande wa pili. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, na mzigo wako wote unapita hapo. (Aliyekifanya kifae kwenye magari ni Mmarekani, Clarence Spicer, aliyepata hataza yake mwaka 1903 akiwa mwanafunzi wa Cornell. Kabla ya hapo magari mengi yalivuta tairi za nyuma kwa mnyororo, kama baiskeli.)

Sasa basi, krosi ikitoka, usikubali iondoke machoni kwako. Ifute kwa kitambaa chenye dizeli, iweke juani uitazame.

Anza na rangi. Mkono uliogeuka bluu au kahawia iliyoungua umepata joto kali, na joto hilo karibu kila mara maana yake ni grisi kukosekana. Ukikuta unga mwekundu mkavu kama vumbi la matofali, maji yameingia au grisi iliisha siku nyingi. Hapo usilaumu duka mpaka ujiulize bomba la grisi lilipita lini mara ya mwisho. Kuna kitu wengi hawakijui: krosi mpya ikitoka kwenye boksi ina grisi kidogo tu ya kuilinda na kutu ikiwa stoo. Ni lazima ipigwe grisi ikishafungwa, na uendelee kupiga mpaka uione ikichungulia kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka kwenye vitatu, kile cha nne kina njaa. Nimeona krosi ambayo mikono mitatu inang'aa kama mpya na mmoja umeungua mweusi. Chuma ni kilekile, kiwanda ni kilekile. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia upande wa nne.

Halafu pitisha ukucha juu ya mkono. Ukihisi vijifereji vimelala sambamba, kama umekwaruza kwa meno ya kitana, hizo ni alama za sindano zilizokandamizwa kwenye chuma. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko uwezo, au mtetemo uliipiga nyundo muda mrefu, au chuma chenyewe ni laini. Ukikuta ngozi ya chuma imebanduka vipande kama rangi ya ukuta wenye unyevu, ni uchovu, na mara nyingi uchafu uliingia kwenye grisi.

Na kama mkono umekatika kabisa, usiwe na haraka, tazama uso wa mkato. Mkato wenye chembechembe za kijivu, sura moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni wa pigo moja. Mtu alikwama kwenye tope, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akaachia klachi ghafla. Lakini ukiona mistari iliyopinda inayoanzia sehemu moja na kupanuka, kama pete za gogo la mti, basi ufa ulianza zamani na ulikuwa unakua kidogo kidogo kila safari. Siku ilipokatika ilikuwa siku ya mwisho tu. Dereva wa siku hiyo hana kosa, msimkate hela yake.

Nina kisa kimoja cha mwaka huu kinachonifanya niandike haya. Kuna kikundi cha vijana ninaowahudumia, wana nyanya na vitunguu, wana Canter yao ya mtumba. Ndani ya miezi minne walikuwa wamebadilisha krosi ya nyuma mara tatu, maduka matatu tofauti. Walikuwa wameshaamua kukopa wanunue propela nzima. Mwenyekiti wao akanipigia sio kwa ajili ya gari, alitaka nimsaidie kuandika maelezo ya mkopo. Nikamuuliza zile krosi ziko wapi. Mbili hazijulikani zilipo. Ya tatu ilikuwa bado kwa fundi.

Tukaenda kwa fundi, mtu mzima wa heshima zake, tukamkuta anakula. "Shikamoo fundi." "Marahaba. Bwana shamba, hiyo ya Kichina, ulitegemea nini?" Nikamwambia sijui, tuione. Tukaisafisha. Grisi ilikuwemo, mbichi, ndani ya vikombe vyote. Rangi safi, hakuna kuungua. Ila mikono yote minne ilikuwa na vile vijifereji, vimekwenda chini kweli. Fundi akachukua tupa akaisugua kwenye sehemu isiyolika ya mkono. Tupa ikateleza bila kuuma. Hiyo ni dalili kwamba uso wa chuma umekomazwa vizuri, maana chuma laini tupa inakikwangua na kuacha njia. Tukapima kikombe kwa venia, tukalinganisha na kipya cha aina nyingine alichokuwa nacho kwa gari hilohilo. Kipimo kimoja. Fundi mwenyewe akanyamaza.

Nikawauliza vijana swali ninalowauliza kila siku kuhusu mimea: ilianza lini, na kabla ya hapo nini kilifanyika? Dereva akasema tangu ile krosi ya kwanza kabisa ibadilishwe, gari likifika sitini bodi inatetemeka mpaka vioo vinalia. Likiwa na mzigo linatetemeka. Likiwa tupu pia linatetemeka. Ukipunguza mwendo, kunatulia. Walijua ni "tabia ya gari".

Hapo ndipo fundi alipoingia chini na brashi ya waya, akasugua tope. Propela ina sehemu yenye meno inayoteleza, bomba moja likiingia ndani ya lingine, ili irefuke na kufupika difu inapocheza. Pande zote mbili za mteremko ule pana alama zilizogongwa kiwandani, na alama hizo zinatakiwa zitazamane. Zao zilikuwa zimepishana. Aliyefungua mara ya kwanza (sio fundi huyu, walikuwa safarini) aliichomoa propela, akairudisha meno kadhaa pembeni. Basi.

Kwa nini jambo dogo hivyo liue krosi tatu? Krosi ikizunguka ikiwa imekunja pembe haizunguki sawasawa. Upande wa pili wake unakimbia kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya upande mwingine wa propela ndiyo inayofuta kasoro hiyo, lakini inaweza tu kama yoki za ncha mbili zimelala mstari mmoja. Zikipishana, badala ya kufuta, zinabaki zinapigana, na propela inajisokota na kujiachia maelfu ya mara kwa kila safari. Ile krosi ya kwanza nadhani ilikufa kwa uzee au kwa njaa ya grisi, siwezi kuapa kwa sababu haipo. Hizi nyingine zilipigwa nyundo mpaka zikafa, na hata mngenunua ya bei mara tano ingekufa, labda ingechelewa wiki chache.

Dawa yake: kuchomoa, kulinganisha alama, kurudisha, krosi mpya. Mkopo haukuhitajika. Gari likaenda sitini, likaenda sabini, kimya. Mwenyekiti aliniambia kilichomuuma sio hela ya krosi, ni zile tenga alizouza kwa bei ya kutupa pale kandokando ya barabara baada ya siku mbili juani.

Nikisema haya kuna wenzangu watasema namtetea muuza spea. Hapana. Ninachotaka ni ukimshitaki, ushinde. Na hapa tuwekane sawa kuhusu maneno, kwa sababu mtaani yote tunayaita "kopi". Kuna spea inayouzwa kwa jina la mtengeneza gari. Kuna spea ya kiwanda kingine, yenye jina lake halali, iliyotengenezwa ienee kwenye gari lako, na nyingine kati ya hizo ni nzuri kabisa, nyingine za kawaida. Halafu kuna bandia, iliyobandikwa jina la mtu mwingine. Hiyo ya tatu ndiyo feki. Kununua ya pili sio dhambi wala ujinga. Mkulima anayeanza, mwenye gari lenye umri wa miaka ishirini, atanunua ya pili, na mimi simlaumu.

Ila ikague kaunta, kabla hujatoa hela. Vua vikombe taratibu, hesabu sindano. Vikombe vyote vinne viwe na idadi sawa. Tazama matundu ya grisi kwenye ncha za mikono kama yametobolewa kweli mpaka ndani. Unaweza kupuliza kwenye tundu la nipeli ukahisi pumzi inatoka kote. Rudisha kikombe, kizungushe kwa kidole, kisikwame wala kisicheze. Mpira wa kuziba uwe laini na ukae vizuri. Muuzaji akikukatalia kufungua boksi, mshukuru uende duka la jirani. Dai risiti ya EFD na boksi ulitunze, kwa sababu bila hivyo hata Tume ya Ushindani, ambao ndio wenye kazi ya bidhaa bandia, utawafikia na hadithi tu.

Ufungaji nao uangalie kwa macho yako. Sindano moja ikianguka ikalala chini ya kikombe, kikombe hakifiki mwisho na klipu haikai kwenye mfereji wake. Hapo ndipo utaona mtu anaongeza nyundo. Mzuie. Akilazimisha, anapindisha yoki, na yoki iliyopinda itakula krosi zako zote zinazofuata.

Lipo jambo jingine letu wenyewe: kuongeza springi. Karibu kila Canter ya mazao huku imeongezewa majani ya springi nyuma ili ibebe zaidi. Bodi inanyanyuka, pembe ya propela inabadilika, na kichwa cha difu kinaweza kuelekea kwingine kuliko giaboksi. Kwa mpangilio wa kawaida, mdomo wa giaboksi na mdomo wa difu vinatakiwa vilale sambamba, tofauti isizidi digrii moja hivi. Simu yako ina programu ya kupima usawa kama pima maji ya fundi ujenzi. Gari likiwa na mzigo, sehemu tambarare, iweke simu kwenye sehemu iliyonyooka ya kila upande usome. Ukikuta zimeachana digrii nne, umepata muuaji wako na hujatoa hata mia. Kuhusu uzito wenyewe sitaongea sana, mizani mnaijua.

Kuna sauti pia. Gari likianza kuondoka polepole ukasikia mlio kama kifaranga, chwi chwi chwi, unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, krosi imekauka. Ukisikia "tak" ukibadilisha kutoka mbele kwenda rivasi, kuna nafasi imeshaingia. Lala chini, shika propela, izungushe kwa mkono huku na huku, halafu itikise juu na chini. Krosi nzima haichezi.

Na nilitaka hili mlijue hata kama mtasahau mengine yote. Canter na malori mengi madogo ya Kijapani ya aina hiyo yamefungwa breki ya mkono nyuma ya giaboksi, inashika propela, haishiki tairi. Maana yake propela ikikatika nyuma ya hapo, au ukiifungua, breki ya mkono haishiki kitu chochote. Na gia nazo hazizuii gari tena. Fikiria uko Kitonga unateremka kwenda Ruaha Mbuyuni, umeweka gia nzito ili injini ikusaidie kuzuia tani za nyanya, krosi inakatika. Umebaki na breki ya mguu peke yake, na ile propela inayoning'inia inaweza kugonga mabomba yaliyo jirani nayo, ya breki yakiwemo. Kwa hiyo kabla fundi hajaingia chini kufungua propela, gogo au jiwe la maana mbele na nyuma ya tairi, hata kama ni tambarare. Na ukikatikia mlimani, wa kwanza kushuka ashuke na jiwe mkononi.

Naomba tuanze kitu kidogo. Alhamisi nakuwa ofisi ya kata kuanzia saa tatu asubuhi, siku ya kliniki ya mimea kama kawaida. Anayeleta jani la nyanya alilete. Na mwenye krosi, senta beringi au klachi pleti iliyotoka kwenye gari lake msimu huu aje nayo pia, kwenye kiroba cha mbolea au chochote (sio rambo, zile tulishaagana nazo 2019), ikiwa na karatasi yenye tarehe ya kufungwa, tarehe ya kutoka na kilomita kama dashibodi bado inahesabu. Msiioshe, grisi nayo tunataka kuiona. Yule fundi amekubali kuja, mchango wake ni chai na chapati.